Mbinu si Orodha: Funzo la Bao, Kandanda na Michezo ya Kompyuta kwa Mwanafunzi wa Fasihi

Kiswahili kina neno moja linalokaa katika nyumba mbili bila kugombana na nafsi yake. Wazee wanaoinamia ubao wenye mashimo katika baraza za Lamu na Unguja husema wanacheza bao. Mtangazaji wa redio naye, mpira unapotikisa wavu, hupaza sauti akatangaza kuwa bao limeingia. Iwe ni sadfa au sivyo, neno hili linatukumbusha kwamba ushindi wa uwanjani na ushindi wa barazani ni ndugu wa tumbo moja. Yote miwili hutokana na kufikiri kabla ya kutenda, na kumsoma mwenzako kabla hajakusoma.

Makala haya yanadhamiria kuzungumzia nafasi ya mbinu katika michezo ya aina tatu: bao, kandanda, na michezo ya kompyuta ambayo humfanya mchezaji kuwa kocha au mtawala wa dola. Yamkini msomaji atajiuliza mada hii inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu langu ni kwamba hakuna neno tunalolitumia zaidi katika madarasa yetu ya fasihi kuliko neno hilo hilo, mbinu. Tunazungumza juu ya mbinu za uandishi, mbinu za lugha na mbinu rejeshi. Hata hivyo, nahofia kwamba tumelitumia mno hadi likachakaa, na kwamba kijana anayecheza mchezo wa kompyuta katika chumba chake cha bweni huenda anaielewa dhana ya mbinu kuliko sisi tunaoifundisha.

Tuanze kwa kutenganisha maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Mkakati ni mpango mpana: tunataka kufika wapi, kwa muda gani, na kwa gharama ipi. Mbinu ni hatua mahususi inayochukuliwa papo hapo ili kuutumikia mpango huo. Timu inayoamua kuwa msimu huu haitafuti kombe bali inatafuta kubaki katika ligi imejiwekea mkakati. Timu hiyo inapowarudisha wachezaji wake wote nyuma na kungojea mashambulizi ya kushtukiza, hiyo ni mbinu. Mbinu isiyo na mkakati ni ujanja wa siku moja, na mkakati usio na mbinu ni ndoto. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa mipango si matumizi.

Katika bao, tofauti hii huonekana waziwazi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 yaliyopangwa katika safu 4, na kete 64. Kila mchezaji humiliki safu 2. Mchezo huanza kwa hatua ya namua, ambapo kila mmoja ana kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa katika nyumba, na kete 22 mkononi ambazo huziingiza moja moja kila zamu yake inapofika. Kete za mkononi zikiisha, hatua ya mtaji huanza. Mshindi ni yule anayeimaliza safu ya mbele ya mwenzake, au anayemwacha mwenzake hana pa kucheza.

Mambo mawili katika kanuni hizi yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, kete zote ni sawa. Hakuna kete iliyo mfalme wala iliyo askari, kama ilivyo katika sataranji. Uwezo wa kete hutokana na shimo iliyomo, na kete zilizo jirani yake, na zile zinazoikabili upande wa pili. Pili, anayeweza kula hana budi kula. Kwa hiyo fundi wa bao humtegea mwenzake kete chache, akamlazimisha kula mahali ambapo kula huko kutamfungua. Tena kete iliyoliwa haitupwi nje. Hupandwa upande wa aliyekula na kuendelea kucheza. Mtafiti Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa bao Zanzibar na kuwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995, aliupa utafiti wake jina linalohusu mipaka ya akili ya binadamu. Na kwa kweli anayewatazama mafundi hao huona akili ikipelekwa mbali, kwa maana hoja moja ya bao huweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla ya kete kulala.

Wanaisimu watakumbuka kwamba Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kufariki kwake, aliilinganisha lugha na sataranji ili kuonyesha kuwa thamani ya kipashio hutokana na mahusiano yake na vipashio vingine. Laiti angaliketi kwenye baraza moja la Unguja, angalipata mfano ulio bora zaidi. Katika sataranji kila kipande kina mwendo wake wa kuzaliwa nao. Katika bao, kete haina chochote isipokuwa mahali ilipo.

Je, kandanda ni sataranji au ni bao? Rai yangu ni kwamba ni yote mawili, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Wachezaji si sawa kama kete. Huyu ana kasi, yule ana macho ya kuona pasi. Hata hivyo, mchezaji yule yule akihamishwa nafasi huwa mtu mwingine. Mfano ulio wazi ni wa Leicester City. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2015/16 kwa pointi 81, ikiwa 10 mbele ya Arsenal iliyoshika nafasi ya pili. Kocha Claudio Ranieri alitumia mfumo wa 4-4-2, ambao wengi walikuwa wameshauweka katika kabati la mambo ya kale. Timu iliwaachia wapinzani mpira, ikajikusanya nyuma, kisha ikashambulia kwa kushtukiza kwa kutegemea mbio za Jamie Vardy na chenga za Riyad Mahrez. Baina ya walinzi na washambuliaji alikuwamo N'Golo Kanté, kiungo mkabaji aliyefanya kazi ya watu wawili.

Mwaka 2016 Kanté alihamia Chelsea. Kocha alibaki, na Vardy na Mahrez wakabaki. Kufikia Februari 2017 mabingwa hao walikuwa pointi moja tu juu ya eneo la kushushwa daraja, na Ranieri akafutwa kazi. Chelsea, pamoja na Kanté, ndiyo iliyotwaa ubingwa msimu huo. Sisemi kwamba kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikosababisha yote, kwani wapinzani pia walikuwa wameisoma timu hiyo na kukataa kuiachia uwazi nyuma yao. Hata hivyo, fundisho ni lile lile. Mfumo uliochorwa ubaoni haukuwa siri ya ushindi. Siri ilikuwa katika kulingana kwa mfumo, watu na wakati. Kimojawapo kilipong'oka, michoro ikabaki michoro.

Hapa nyumbani tulijionea wenyewe mwezi wa Agosti 2025, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wanaosakata kandanda katika ligi za nchi zao. Tarehe 10 mwezi huo, katika uwanja wa Kasarani, Harambee Stars chini ya kocha Benni McCarthy iliongoza Moroko kwa bao la Ryan Ogam, kisha ikapoteza mchezaji kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi kizima cha pili kilichezwa na watu kumi dhidi ya kumi na mmoja. Timu iliyokuwa ikishambulia ilibidi ijifunze upya, mbele ya macho yetu, namna ya kujilinda: nani aache nafasi gani, nani akimbie mara mbili, pasi ipi isipigwe kamwe. Mchezo ukaisha 1-0. Moroko hao hao ndio waliotwaa kombe tarehe 30. Hakuna kocha aliyeingia uwanjani siku ile akiwa na mpango wa kucheza na watu kumi. Mbinu iliyotuokoa ilizaliwa na hali, haikutolewa katika daftari.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka 1992 ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, walitoa mchezo ulioitwa Championship Manager. Baadaye kampuni yao, Sports Interactive, ilitengana na mchapishaji wake, na tangu mwaka 2004 mchezo wao umeendelea kwa jina la Football Manager. Katika mchezo huu hakuna kupiga mpira kwa vidole kama ilivyo katika michezo mingine ya kandanda. Mchezaji ni kocha. Huwasajili watu, huwafunza, huchagua mfumo, huamua timu ikabe juu au ingojee nyuma, kisha huketi kutazama matokeo ya maamuzi yake. Kila mwanakandanda amepewa alama kati ya 1 na 20 kwa sifa nyingi, na si za mwili peke yake. Zimo pia alama za uamuzi, ari na ushirikiano. Nyingine, kama vile uthabiti wa kiwango chake, hufichwa asizione hata kocha. Toleo lililotoka Novemba 2025 limemruhusu kocha kuchora mfumo mmoja wa wakati timu ina mpira na mwingine wa wakati haina, jambo ambalo makocha wa kweli wamelijua kwa miaka mingi.

Michezo ya dola, kama vile Civilization aliyoibuni Sid Meier na kutolewa mwaka 1991, huupanua uwanja zaidi. Humo mchezaji huanza na mji mmoja na kuamua kama atalima, atajenga ukuta au atafundisha jeshi. Kosa la mapema halimwadhibu pale pale. Humngojea zamu mia moja mbele. Huko ndiko kijana hujifunza, bila kuhubiriwa, tofauti niliyoieleza kati ya mbinu na mkakati.

Lakini michezo hii ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo ndio ulionisukuma kuandika. Wachezaji wengi hawataki kufikiri. Hutafuta mbinu iliyokwisha kupikwa na mwingine, ile inayosifiwa kuwa haishindwi, wakainakili ilivyo na kuibandika kwenye timu yao. Nakiri kuwa nilikuwa mmoja wao. Nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza niliuiga mfumo wa 4-3-3 wenye kukaba juu mno, nikauvisha timu ya mabeki wazito waliopita umri. Tulipokonywa mpira katikati na kupitwa nyuma wiki baada ya wiki, nami nikafutwa kazi na kompyuta kabla ya Krismasi ya kubuni. Nililaumu mchezo. Ilinichukua muda kutambua kwamba mbinu ile haikuwa mbovu. Ilikuwa jibu sahihi la swali ambalo timu yangu haikuuliza.

Kuna wanaodhani kuwa anayeshinda katika kompyuta anaweza kushinda uwanjani, na hutaja jina la Will Still, aliyekua akiucheza mchezo huo na ambaye, akiwa na umri wa miaka 30, alichukua usukani wa Stade de Reims ya Ufaransa mnamo Oktoba 2022 na kucheza mechi 17 za ligi bila kushindwa. Wanaolisimulia jambo hili kwa haraka husahau kuwa alisomea ukocha nchini Uingereza, kisha akaanzia chini kabisa huko Ubelgiji kama mchambuzi wa video, akikatakata picha za mechi ili wengine wazitumie. Mchezo huenda ulimpa hamu na mazoea ya kuuliza maswali. Majibu aliyatafuta kwa kutazama watu halisi.

Hapa ndipo pana mpaka wa michezo ya kompyuta, nami siuonei haya kuutaja. Ndani ya kompyuta, ukweli juu ya mtu umekwisha kuandikwa mahali fulani kwa nambari, hata kama umefichwa. Uwanjani hakuna jedwali hilo. Mchezaji aliyefiwa jana hana alama ya majonzi mgongoni. Kocha hana budi kumtazama na kumsoma. Kazi hiyo ya kusoma pasipo jedwali ndiyo kazi ya mhakiki wa fasihi.

Tugeukie basi madarasa yetu. Mtahiniwa wa shule ya upili huulizwa abainishe mbinu za uandishi katika dondoo au katika riwaya nzima, naye huingia katika mtihani na orodha aliyoikariri: tashbihi, istiari, tashhisi, takriri, jazanda, kisengere nyuma, taharuki. Hutafuta mfano mmoja wa kila kipengele, akaandika nambari, akapata alama zake. Baadhi yetu tuliletwa hadi chuo kikuu na orodha hiyo hiyo, na nimesoma insha za wanafunzi wenzangu, na zangu pia, ambazo sura yake ya uchambuzi si chochote ila orodha iliyopewa vichwa vidogo. Tumemtaja mwandishi kuwa "ametumia" takriri mara tisa, kana kwamba takriri ni chumvi na sisi ni wakaguzi wa chumvi. Swali la takriri hiyo inafanya nini, inamsukuma msomaji wapi, na ingeondolewa nini kingebomoka, halikuulizwa. Huku ndiko kunakili mbinu iliyopikwa na mwingine.

Nitoe mfano. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996, hadithi husimuliwa kwa nafsi ya kwanza na mhusika mkuu, Kongowea Mswahili. Orodha itasema: mbinu, usimulizi wa nafsi ya kwanza, mfano, ukurasa fulani. Mtazamo wa bao utauliza kete hii imekaa shimo gani. Kongowea anamtafuta babake, mtu asiyemjua. Kwa kuwa ni yeye anayesimulia, msomaji hufungiwa katika ujuzi wa mtoto huyo; hatuwezi kumtangulia na kufika kwa baba kabla yake. Kutojua kwake kunakuwa kutojua kwetu, na safari yake kuwa safari yetu. Ichukue nafsi ya kwanza hiyo hiyo uipeleke katika riwaya ambayo msimulizi ni mwongo anayejitetea, nayo itafanya kazi iliyo kinyume: itatutenga naye na kututia shaka. Kete ni moja, mashimo mawili, michezo miwili tofauti. Mwanafunzi aliyezitaja zote mbili kwa jina moja na kupata alama moja kila mahali hajasoma riwaya yoyote kati ya hizo.

Watakuwapo watakaonipinga kwa kusema kuwa orodha ni lazima, kwamba hakuna kocha asiyejua majina ya mifumo, na kwamba mtoto hufunzwa kutaja kabla ya kuchambua. Nakubali. Mchezaji wa bao pia hufunzwa kwanza jina la nyumba, kichwa na kimbi. Ila hakuna aliyeitwa fundi kwa sababu ya kuyajua majina ya mashimo. Pingamizi langu ni kwa ngazi ya kwanza kufanywa dari. Aidha, kuna kosa la upande wa pili la kutahadhari nalo. Mhakiki anaweza kupenda nadharia kiasi cha kuisahau kazi yenyewe, kama kocha anayebadilisha mfumo kila nusu saa hadi wachezaji wasijue wasimame wapi. Wahenga walimwona mapema mtu huyo wakasema kuwa akili nyingi huondoa maarifa.

Pana jambo la mwisho linalotuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili. Football Manager huja kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Kijana wetu hupanga vita vyake vyote kwa lugha ya kigeni, na matokeo yake ni kwamba akisimulia mechi husema Kiswahili, ila akieleza sababu za kushindwa huvuka upesi kwenda Kiingereza. Si kwa kukosa maneno. Watangazaji wa redio na televisheni wametuachia hazina: kuotea, kiungo mkabaji, beki wa pembeni, kukaba mtu kwa mtu, mashambulizi ya kushtukiza, hata kupaki basi. Bao nalo limetuachia namua, mtaji, kutakata na kulala. Msamiati upo, uliokosekana ni uchambuzi ulioandikwa kwa msamiati huo. Ni nani atakayeuandika ikiwa si wanafunzi wa idara zetu? Tasnifu juu ya lugha ya mbinu katika utangazaji wa kandanda, au juu ya bao kama mfumo wa fikra, ni ya Kiswahili sawa na tasnifu juu ya utenzi.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili. Wahadhiri wetu na walimu wa shule za upili watakaotoka miongoni mwetu waliongezee swali la "bainisha mbinu" swali jingine: mbinu hii ikiondolewa, nini kitaharibika? Anayeweza kulijibu hilo amesoma, hata kama amesahau jina la tamathali. Nasi wanafunzi tujizuie kuandika neno "ametumia" mpaka tuwe tayari kuandika sentensi inayofuata, ile ya kueleza ni kwa nini.

Anayetaka kufanya zoezi asisubiri muhula ujao. Akamtafute mzee anayecheza bao, aketi pembeni, na kila kete inapopandwa ajiulize kwa nini imeanzia pale na si kwingine. Mzee akishamfunga mara tatu mfululizo, atakuwa ameanza kuelewa mbinu ni nini. Kisha na airudie riwaya yake.